Safu ya "Analala Wapi"

Safu ya sita niliibuni mimi. Zile tano za kwanza tulizikuta zimepangwa na wizara tangu enzi za karatasi ya kaboni: namba ya mtahiniwa, jina lake, jina la baba, kilima cha asili, shule anayotoka. Ya sita niliichora mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu, upande wa kulia kabisa, na juu yake nikaandika kwa Kifaransa kizuri cha kiofisi maneno ambayo sote bironi, yaani ofisini, tuliyafupisha kuwa "Analala Wapi". Nilipomaliza niliinyanyua ile karatasi nikaiangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wake wa kwanza, nikamwambia karani wangu:

"Bwana, hii itaokoa elimu ya Burundi."

"Yote?"

"Na kidogo ya Kongo."

Wajukuu wangu wananisukuma niandike maisha yangu ya uongozi wa shule. Wanataka madarasa niliyojenga, na nilijenga mia moja, ukihesabu na yale niliyopaka chokaa tu. Wanataka mawaziri niliokula nao. Nilikula nao, wao mezani, mimi nimesimama nasoma hotuba. Yote hayo ningependa kuyaandika. Lakini kila nikikaa na karatasi, mkono unaanza kuchora mistari ya kwenda chini, na mstari wa mwisho ni ule wa kulia.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Nilianza kazi ya elimu kama planto, yaani yule anayefagia biro na kupeleka barua. Mchana nilifagia, jioni nilisoma. Shule yetu ya jioni ilikuwa ukumbi mmoja na balbu moja, na balbu yenyewe ilikuwa na hasira, ikikasirika inazima juma zima, sisi tunaendelea na hesabu kwa kukumbuka mwanga. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na alinipiga rula vidoleni mbele ya watu wenye ndevu. Nilipata cheti changu katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha binti zao. Nikawa mwalimu, nikawa mkuu wa shule, nikawa mkaguzi wa shule za msingi za kaskazini mwa mji, na kile kiti nilichokuwa nakifuta vumbi miaka minane ndicho nilichokuja kukikalia.

Mungu hakunipa urefu, na nywele alizonipa alizichukua mapema. Alinipa sauti. Nikisoma majina kwenye uwanja wa shule pale Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa mji, watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, walikuwa wanaitika "Niko!" Walimu walisema nikikohoa, kengele ya shule jirani inalia. Naisimulia hii sauti kwa sababu itatakiwa mbele.

Kitu kingine kinachotakiwa ni kwamba sisi watu wa Buyenzi hatuna kilima. Ukimuuliza Mrundi mwingine anatoka wapi, atakutajia kilima cha ukoo wake, mahali babu yake alipozikwa, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga. Ukituuliza sisi tunakutajia avenue, barabara yenye namba. "Mi mutu wa avenue ya kumi na nne," basi, imetosha. Watu wanajua mlango wako na jana umepika nini. Kwetu, kujulikana unalala wapi ndiyo usalama wenyewe. Mgeni asiyejulikana analala wapi ndiye tuliyemfungia milango. Kwa hiyo nilipochora ile safu, nilifikiri ninawapa watoto wa mji mzima kile nilichopewa mimi nilipozaliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mji ulikatwakatwa kama mkate. Mitaa iliyokuwa imechanganyika Wahutu na Watutsi ikasafishwa, na hilo neno "kusafisha" ndilo walilolitumia wenyewe. Watu wa upande huu wakahama, wa upande ule wakachomwa, na Cibitoke, nilikokuwa nawajua watoto kwa madaftari yao, ikawa na barabara nzima za kuta zisizo na mabati. Shule zilifunguliwa, zikafungwa, zikafunguliwa. Kulikuwa na siku za mji mfu, vijana walipofunga njia kwa matairi na mawe, na anayetoka anatoka kwa hatari yake. Mimi nilipita. Nilikuwa na pikipiki ya serikali iliyotoa moshi kuliko kiwanda cha bia, nilikuwa Mswahili, sikuhesabiwa upande wowote, na nilijua kuchekesha. Niliwachekesha watu wenye grenedi mkononi. Nilikuwa najisifia hilo nyumbani, na mke wangu alikuwa anatoka chumbani.

Sasa safu. Mwisho wa darasa la sita watoto wote hufanya mtihani wa taifa, ule tunaouita konkuri. Anayefaulu anapewa nafasi ya sekondari, na asipojitokeza kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine. Mwaka wa kwanza wa vita, matokeo yalipokuja, nusu ya watoto hawakuwa tena kwenye nyumba zao. Wengine hawakuwa na nyumba. Karatasi za waliofaulu zilibaki bironi kwangu ndani ya gunia la mchele. Mwaka uliofuata nilikwenda Gatumba, pale mpakani, nikamkuta binti mmoja anauza sabuni za vipande chini ya mwavuli uliotoboka. Nilimkumbuka kwa mwandiko wake, maana alikuwa ameandika bei kwenye boksi. Alikuwa amefaulu tangu mwaka uliopita. Hakuna aliyejua pa kumtafuta kumwambia. Nilirudi mjini siku hiyohiyo, nikachukua rula.

Kila mwalimu wa darasa la sita alitakiwa kujaza orodha yake na kuileta. Kutoka Cibitoke alikuja madamu mmoja, mwanamke mkimya mwenye kitambaa cha kijivu kichwani, ambaye alikuwa anawaleta watoto wake arobaini na kitu kwa miguu kila tulipobadilisha shule, kwa mstari, yeye mbele, bila kugeuka nyuma, kana kwamba akigeuka watapungua. Orodha yake ilikuwa safi kuliko zote. Ila kwenye jina moja, safu ya sita, alikuwa ameweka kistari.

"Madamu, hapa umenichorea nini?"

"Kistari, musiye."

"Kistari nakiona. Mutoto analala ndani ya kistari?"

Karani akacheka. Walimu wawili wa shule nyingine waliokuwa wanasubiri mihuri wakacheka nao, maana mkubwa akitania watu hucheka.

"Mi sijui analala wapi," akasema.

"We madamu! We unajua mpaka idadi ya meno ya watoto wako. Huyu ndiye wa kwanza darasani, anakusaidia kusahihisha, alafu hujui analala wapi?"

"Wanahamahama, musiye."

"Ndiyo maana nikachora safu! Safu haiachwi wazi."

Akawatazama wale walimu wawili. Akamtazama karani. Kisha akaniinamia kidogo juu ya meza. "Musiye, naweza kukuona peke yako?"

Nilipaswa kusimama. Ningemwambia karani apeleke barua mahali. Dakika moja. Lakini nilikuwa na hadhira, na mtu wa sauti kama yangu akishapata hadhira haachi.

"Madamu, hapa sote ni watu wa elimu. Sema tu!"

Hakusema. Miaka ile hapakuwa na mtu aliyesema sababu ya kitu mbele ya watu watatu. Alichukua kalamu yangu nyekundu, akaandika juu ya kile kistari, polepole, ghala moja kule kwenye viwanda: Zone Industrielle, depo ya ngozi, nyuma, chumba cha mlinzi, kwa baba yake. Nikampigia muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Nikamwambia, "Unaona? Haikuuma."

Siku tatu kabla ya konkuri, desturi yetu ni kubandika orodha kwenye lango la shule itakayotumika kama kituo. Mke wa zamu, mlinzi wa usiku wa shule, hupika uji mzito wa unga wa muhogo kwa ajili ya gundi, na kila mtu huja kusoma, wazazi, majirani, wapita njia, hata wasio na mtoto. Siku hiyohiyo walimu huwaleta watoto kuonyeshwa madawati watakayokalia, ili siku yenyewe wasipotee. Madamu alikuwa ndani na wake. Mimi nilikuwa langoni, nimesimama kando ya orodha kama mchoraji kando ya picha yake.

Akaja mwanaume wa miaka kama thelathini, shati la bluu limepigwa pasi. Alivua kofia. Alikuwa na kijitabu kidogo.

"Salama, musiye inspekta. Natafuta mutoto wa dada yangu. Tumepoteana tangu nyumba zichomwe."

"Umefika mahali pake, bwana. Soma."

Aliinama, akafinya macho. "Haya maandishi, musiye..."

"Macho yako hayana kosa. Ni stensili yetu, ilianza kazi na Nuhu."

Akacheka vizuri. Akanitajia jina la binti, na jina la baba yake. Nikashusha kidole, nikampata. Na nikasoma. Nilisoma kwa sauti yangu ya kusomea majina, kwa sababu sina nyingine. Namba. Jina. Jina la baba. Kilima. Shule. Nilipofika kwenye safu ya sita nilivuta pumzi kidogo, kama mwimbaji anayeingia kwenye kiitikio, kisha nikaitoa yote: Zone Industrielle, depo ya ngozi, nyuma, chumba cha mlinzi, kwa baba yake.

"Rudia kidogo, musiye, niandike."

Nikarudia. Kalamu yake ikakataa, nikampa yangu.

"Mungu akubariki," akasema. "Mumefanya kazi nzuri na hii safu."

Katika kazi yangu yote, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuisifu.

Madamu alitoka ndani baada ya muda mfupi, chaki mkononi. Kamiyoneti nyeupe, gari dogo la mizigo lililokuwa limesimama kwenye kona, ilikuwa inaondoka na yule mwanaume.

"Nani yule uliyekuwa unamusomea?"

"Mjomba wa yule binti yako wa kistari! Unaona sasa? Safu imeanza kazi hata kabla ya mtihani."

"Mama yake alizaliwa peke yake," akasema. "Huyo mutoto hana mjomba."

Nikaanza kusema kitu. Alininyamazisha kwa kiganja, kama anavyofanya na watoto, na ndipo akasema, kwa sauti ya chini, yote aliyotaka kuyasema bironi. Baba wa yule binti alikuwa mwashi, jirani yake madamu pale Cibitoke. Siku walipochoma nyumba ya jirani mwingine na watu ndani, alikuwa amejificha nyuma ya jiko lake na aliziona nyuso za wachomaji. Akakubali kuzitaja kwa jaji. Tangu siku hiyo wanamtafuta. Mkewe alikwisha kufa, yeye mwenyewe ana dada Uvira, alikuwa na njia ya kuvuka wakati wowote. Lakini mtoto alikuwa anamaliza darasa la sita.

"Alikubali kulala pale kwenye ngozi, kwenye ile harufu, kwa sababu ya konkuri tu," akasema madamu. "Siku tatu, musiye. Zilibaki siku tatu."

Nilirarua orodha kutoka langoni. Gundi yetu ilikuwa nzuri, ilibaki vipande vipande. Nikapanda pikipiki.

Kutoka kule kaskazini mpaka Zone Industrielle si mbali. Ningeweza kusema niliruka, kwamba magurudumu hayakugusa lami. Ukweli ni kwamba kabla ya barabara kubwa nilikuta vijana wametandaza mawe na tairi linawaka. Walinijua.

"Aaa! Muzee wa vichekesho!"

"Wanangu, leo nina haraka, nina mgonjwa."

"Apana, apana. Ushuru wako unaujua. Kimoja tu."

Nikawapa kimoja. Nakikumbuka mpaka leo, kilihusu mbuzi na mkuu wa posta, na sijakisimulia tena. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakataka cha pili. Nilipojaribu kusukuma pikipiki, aliyekuwa na fimbo ya chuma aliiweka kwenye gurudumu, bila hasira, akitabasamu. Nikawapa cha pili. Sikufupisha, maana walikuwa wanakijua na wangenisahihisha.

Nilifika depo ya ngozi saa ya chakula. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na mabakuli yao, na hakuna aliyeinua kichwa niliposimama. Katika biashara yangu nimezoea watu wakiniangalia. Mama aliyekuwa anauza maharage pale getini ndiye aliyezungumza, huku anafuta sufuria.

"Kama unamutafuta mulinzi, ametoka kuchukuliwa. Wamekuja na kamiyoneti. Wawili wamebaki ndani ya gari, mumoja ameenda moja kwa moja nyuma, hakuuliza mutu. Amemuita kwa jina lake na la kilima chake." Akafunika sufuria. "Na yeye ameitika."

Nilikwenda nyuma. Chumba kilikuwa na mkeka mmoja na godoro dogo la mtoto. Bakuli la maharage lilikuwa juu ya ndoo, kijiko kimesimama ndani. Ukutani, kwa mkaa, mtu alikuwa ameandika jedwali la kuzidisha la saba, la nane na la tisa. Yule baba hakuonekana tena, si siku ile wala baadaye, na hakuna mahali ambapo mtu angeweza kwenda kuuliza bila kuandikwa jina.

Madamu alikuwa bado kituoni niliporudi. Watoto alikuwa amewaketisha chini ya ukingo wa paa, wanaimba wimbo wa shule. Aliniangalia, akajua.

"Tumuambie?" nikauliza.

Mtoto mmoja alikuwa anaimba kwa kukosea maneno, nakumbuka hilo.

"Ukimuambia leo hataandika," akasema. "Na asipoandika, baba yake amelala pale bure. Atalala kwangu. We utamuambia kitu. We ndiye unayejua kusema."

Basi nikasema. Nilimwita yule binti, mrefu, magoti yana vumbi la chaki, nikamwambia baba yake ametumwa Rumonge, mji wa ziwani kule kusini, na wenye depo, kusindikiza kamiyo ya ngozi. Ni safari ya heshima, nikasema, si kila mlinzi anachaguliwa. Wamempa hata kofia. Akauliza kofia ya rangi gani. Nikasema ya kijani, yenye utepe wa dhahabu, akiivaa madereva wanapiga honi. Akacheka.

Kesho yake nilipita kwa madamu na uongo mpya, keshokutwa pia. Kamiyo ilipata pancha. Walipata pancha ya pili, kwa sababu barabara ya Rumonge inakula matairi kama karanga. Nilisimulia vizuri. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku zile.

Asubuhi ya konkuri sikusoma majina. Niliwaita watoto kwa namba, wakapita langoni mmoja mmoja. Yeye alipofika alisimama.

"Musiye inspekta, baba amerudi?"

"Kesho, mwanangu. Jana wamefanya karamu kule ziwani. Anakula samaki wakubwa kama mimi, na mimi unaniona nilivyo."

Hakucheka. Aliniangalia kidogo, akashika vizuri kalamu zake mbili, akaingia. Nilisimama nyuma ya darasa asubuhi nzima na mchana wote. Niliona kisogo chake na mkono wake wa kulia. Hakuinua kichwa, si kwenye Kifaransa, si kwenye hesabu. Nje kulikuwa na milio upande wa milimani, watoto wengine waligeuka dirishani, yeye hakugeuka.

Alipokabidhi karatasi, madamu alimshika mkono akampeleka nyuma ya madarasa. Ilikuwa kazi yangu kwenda kumwambia. Mimi nilikuwa na bahasha za kutia lakiri. Nilitia lakiri bahasha moja mara tatu. Nilisubiri kilio na sikusikia kilio, na hicho kimya nimekisikia zaidi ya mizinga yote ya vita hivyo. Juma lile madamu alimpeleka Gatumba kwa miguu, wakavuka, akamkabidhi kwa shangazi yake Uvira, akarudi darasani.

Matokeo yalipokuja alikuwa wa kwanza katika shule zangu zote. Hapa sitii chumvi, karatasi niliiona kwa macho yangu na niliiweka kwenye droo yangu, chini ya kitabu cha sheria za elimu. Shangazi alikuwa amekwisha kuhama na wakimbizi wengine. Sikujua pa kuipeleka.

Ile safu niliifuta. Nilifuta na ya kilima, na jina la baba, nikabandika orodha za namba tupu mpaka nilipostaafu. Kila mwaka wizara iliniletea barua ya onyo, nami kila mwaka nilijibu kwamba stensili imeharibika. Madamu hakuwahi kunilaumu kwa neno hata moja. Akija bironi alikuwa anasimama mlangoni, anatoa karatasi zake, anasema "Musiye," anaondoka. Alifundisha darasa la sita mpaka alipokufa, kwa ugonjwa, kitandani kwake. Kwa miaka ile hiyo nayo ilikuwa bahati.

Vita vilipokuwa vinafika mwisho, na mimi nimebakiza miezi michache kazini, karani mpya alinijulisha kwamba kuna mwanamke anataka cheti chake cha darasa la sita. Nilimtambua kabla hajakaa. Alikuwa amevaa sketi ya kijivu na viatu vya safari, na alisema anahitaji cheti kwa ajili ya shule ya uuguzi, huko aliko. Nilifungua droo. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Niliiweka mezani, na nikafunga mlango, jambo nililopaswa kulifanya zamani.

Miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno. Mengine niliyapanga juu ya pikipiki, mengine msikitini, Mungu anisamehe. Nikaanza:

"Mwanangu, kuna kitu hukuambiwa. Ile siku ya kuonyeshwa madawati, pale langoni..."

"Nilikusikia," akasema.

Nikakaa.

"Nilikuwa benchi la tatu, karibu na dirisha. Nilisikia jina langu, na la baba, na kilima chetu. Na chumba. Mara mbili." Alikuwa anaongea huku anaangalia ile karatasi ya matokeo. "Niliwaambia wenzangu, munasikia? Inspekta mwenyewe ananisoma. Nilifurahi sana."

Nikauliza kitu ambacho sikuwa nimekipanga. "Na Rumonge?"

"Rumonge nilikuamini mpaka siku ya mtihani. Alafu ukasema samaki. Baba alikuwa hali samaki. Akila anavimba uso."

"Ulijua kabla hujaingia. Na ukaandika?"

"Sasa ningefanya nini, musiye?"

Niliita karani alete daftari la kupokelea vyeti. Lina safu zake, kama madaftari yote: jina, tarehe, sahihi, anwani. Aliandika jina lake kwa mwandiko uliosimama wima. Akaandika tarehe, akatia sahihi. Alipofika kwenye anwani alisimama kidogo, kisha akachora kistari.

Karani alishanyoosha kidole kumwonyesha. Nikamwambia aache, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo.